Anza na pindo: namna ya kusoma picha za Kijapani za wapiga muziki

Nauza kanga Ngamiani, hapa Tanga, huu mwaka wa 31. Mteja akisimama mezani kwangu namfungulia doti moja, namwambia asome. Akishalisoma jina ndipo anajua kama kanga hiyo ni ya kumpelekea mkwe, ya kumjibu jirani, au ya kumtunza mama aliyemlea. Nimezoea hivyo hata nje ya biashara: kila kilichochorwa natafuta mji wake, pindo lake na jina lake. Kwa njia hiyohiyo nilijifunza kusoma picha za Kijapani za chapa ya mbao, hasa zile zenye wapiga muziki, na sijaona picha nyingine ninazozipenda kama hizo.

Zilinijia kwa baba. Alikuwa mpiga udi wa taarab, na rafiki yake mmoja wa bandarini alimletea kalenda aliyopewa na baharia wa meli ya Kijapani. Mwezi mmojawapo ulikuwa na mwanamke aliyepakata ala yenye tumbo kama nusu ya papai. Baba akaifuata shingo kwa kidole, akaona kichwa cha vigingi kimekunjwa kwenda nyuma, akasema, "Huyu ni ndugu yake udi." Hakukosea. Ala ile inaitwa biwa, na wanaochunguza asili ya ala huirudisha biwa na udi kwa babu mmoja, barbat ya Uajemi. Tawi moja lilikwenda kwa Waarabu likatufikia sisi watu wa pwani, jingine likapita Asia ya Kati na China hadi Japani. Katika hazina ya Shosoin, mjini Nara, imehifadhiwa biwa ya nyuzi 5 ya karne ya 8, na juu yake, kwa vipande vya gamba la chaza, kumepambwa mtu aliyepanda ngamia huku akipiga ala hiyohiyo. Baba alikufa kabla ya kuiona. Mimi nimeiona kwenye simu, nikakaa nayo kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowafundisha wajukuu zangu na wenzao Jumamosi jioni barazani. Picha haina sauti, na wachoraji wa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, walikuwa na njia yao ya kukufanya uisikie: waliweka mwezi, ua, ndege, mdudu au upepo karibu na mpigaji. Hilo ndilo pindo la picha, na humo ndimo wimbo ulimo.

Pata picha nzima, na pindo lake

Art Institute of Chicago, Metropolitan Museum of Art ya New York na Rijksmuseum ya Amsterdam wameweka picha nyingi za namna hii mtandaoni, unazipakua bure. Andika jina la mchoraji: Harunobu, Utamaro, Hiroshige, Yoshitoshi. Chukua faili kubwa. Bando likiwa dogo, bora picha moja safi kuliko ishirini zenye ukungu, kwa sababu utahitaji kuivuta kwa vidole viwili mpaka uone uzi wa ala na jani la mti.

Ukienda kuichapisha, usiondoke dukani mpaka uione. Mara ya kwanza nilipeleka picha ya Harunobu kwenye duka moja la fotokopi mjini, nikatoka kununua mkate. Kijana akaikuza ijaze karatasi, upande mmoja ukaliwa. Jioni tulibishana kweli barazani. Mjukuu wangu mkubwa anasema hawa wasichana wako wakati wa joto, mwenzake anasema hapana, ni mwanzo wa mwaka. Hakuna aliyeshinda, maana jibu lilikuwa kwenye upande uliokatwa: kichaka chenye vijiua, nje ya chumba. Nililipa mara ya pili ili ichapishwe na weupe pembeni. Tangu hapo nawaambia watoto kwamba doti lililokatwa pindo hakuna anayelinunua, na picha hizi ni vivyo hivyo.

Mikono kwanza, sura baadaye

Usipoteze muda kwenye nyuso. Kwa Harunobu, msichana, kijana na mama wanafanana kama watoto wa tumbo moja. Tazama mikono imeshika nini.

Ikiwa ala imelazwa sakafuni kama ubao mrefu, hiyo ni koto. Ina nyuzi 13, urefu wake karibu sentimita 180, na huchongwa kwa mti wa kiri, mti mwepesi ambao hadithi za huko husema ndege wa peponi, hoo, hatui kwenye mti mwingine. Sehemu za koto huitwa kwa viungo vya joka: pembe za joka, mkia wa joka. Mpigaji huvaa kucha za bandia kwenye vidole 3 vya mkono wa kulia. Ukiiona koto, mara nyingi uko kwenye nyumba iliyotunza binti zake kwa mafunzo.

Ikiwa ina nyuzi 3, shingo ndefu nyembamba, tumbo la mraba lililowambwa ngozi ya paka au mbwa, na mpigaji ameshika risha pana kama mwiko wa kukunia ukoko, hiyo ni shamisen. Ilipita visiwa vya Ryukyu kuingia Japani karne ya 16, ikawa ala ya mjini: ya ukumbi wa kabuki, michezo ya kuigiza ya Kijapani, ya nyumba za starehe, ya mama anayefundisha wasichana wa mtaani kwake. Filimbi ya mwanzi ya kulaza mdomoni ni ya mabwana wa zamani na ya usiku wa nje. Shakuhachi, filimbi nyingine ya mwanzi, hupigwa kwa kusimamishwa, na ukimwona mpigaji amefunikwa kikapu kichwani mpaka shingoni, yule ni mtawa aitwaye komuso, anapiga huku akiomba sadaka.

Biwa nimeshaitaja. Ni ya masimulizi ya kale na ya Benzaiten, mungu wa kike wa maji, muziki na ufasaha, ambaye asili yake ni Saraswati wa India. Palipo na Benzaiten usishangae kuona mawimbi au nyoka mweupe. Itazame pia biwa yenyewe kifuani: ina matundu mawili ya sauti, na jina lake kwa Kijapani ni "nusu mwezi". Yaani ala inabeba mwezi wake.

Sasa pindo: mwezi gani huu?

Mtu wa Tanga ukimwonyesha mwembe ulioinama kwa matunda hakuulizi ni mwezi gani. Ukimwonyesha jahazi linalokuja na kaskazi anajua linatoka wapi. Mjapani wa Edo naye ukimwekea ua moja pembeni anakujibu msimu papo hapo, na akishaujua msimu anajua moyo wa wimbo.

Kumbuka walihesabu kwa kalenda ya mwezi mwandamo, ila waliongeza mwezi wa ziada miaka fulani ili misimu isihame; kalenda ya Kizungu waliichukua mwaka 1873. Kwa hesabu ile ya kale miezi 3 ya mwanzo ni machipuo, 3 ya pili ni joto, 3 ya tatu ni mpukutiko wa majani, na 3 ya mwisho ni baridi.

Ua la mti wa ume, jamii ya plamu, likiwa kwenye tawi lisilo na majani, pengine na theluji bado, na kindege uguisu ametua, ni mwanzo kabisa wa machipuo, na uguisu ndiye mwimbaji wa kwanza wa mwaka. Maua ya mcheri ni mwezi wa 3. Pale Yoshiwara, mtaa wa starehe wa Edo, miti ya micheri ililetwa mizima ikapandwa barabarani kwa siku za kuchanua, maua yakidondoka ikang'olewa. Ukiona shamisen chini ya micheri ya Yoshiwara, ujue hata mti wenyewe ni mgeni wa siku chache pale, na usikilize wimbo ukiwa na habari hiyo. Ua la asagao hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla jua halijakaza: hilo ni la wakati wa joto, na la asubuhi. Msonobari, mwanzi na ume vikiwekwa pamoja ni heri, hasa ya mwaka mpya. Korongo na kobe ni umri mrefu.

Mpukutiko ndio msimu wa wapiga muziki, na nitakaa hapo kidogo. Ndio msimu ambao nje kwenyewe kuna sauti. Nyenje wanalia, na Edo walikuwapo wachuuzi wa kuuza wadudu ndani ya vizimba vidogo, watu wawaweke nyumbani wawasikilize. Mmoja anaitwa suzumushi, mdudu wa kengele. Bata bukini wa porini wanashuka kutoka kaskazini kwa mistari, wakiita. Nyasi za susuki, ndefu, zenye vishada vyeupe kama mkia wa punda, zinasuguana. Kichaka cha hagi kinachanua vijiua vya rangi ya waridi na zambarau. Halafu mwezi wa siku ya 15 ya mwezi wa 8, ambao kwao ndio mpevu kuliko yote. Mchoraji akikuwekea susuki na mwezi, amekwisha kukupa zeze na ngoma za kuitikia. Mpigaji wa kibinadamu anaongeza uzi mmoja tu.

Jambo moja linalowachanganya wanaoanza: usiku kwenye picha hizi mara nyingi huonekana wazi kama mchana. Usitafute giza. Tafuta taa, mwezi, au ule mstari wa rangi uliokolea juu kabisa ya anga unaofifia ukishuka. Mstari ule unaitwa bokashi, na ni kazi ya mkono wa mchapaji, anayeipaka rangi kwenye kibao cha mbao na kuifuta kwa kiasi kabla ya kulaza karatasi. Mchoraji alichora tu. Fundi mwingine alibandika mchoro juu ya mbao ya mcheri akauchonga, kila rangi na kibao chake, na mchapaji akasugua karatasi kwa kidude cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi, baren. Wapenda sanaa huwasahau hawa wawili. Mimi sitaki wasahaulike, maana upepo na jioni unazozisikia ni zao pia.

Bata bukini sakafuni

Ile picha iliyokatwa dukani ni ya Suzuki Harunobu, ya karibu mwaka 1766, mwaka mmoja baada ya picha zenye rangi nyingi kushika Edo. Wasichana wawili wako na koto. Mmoja anavaa kucha za kupigia, mwenziwe anasoma kitabu. Nje kuna hagi imechanua. Jina lake ni "Bata bukini wanaoshuka wa vidaraja vya koto".

Nilipowasomea watoto jina hilo wote waliinamia karatasi kutafuta ndege. Hakuna ndege. Nikawaacha watafute mpaka mtoto wa jirani, ambaye kwa kawaida hasemi, akaweka kidole juu ya koto. Kila uzi wa koto umenyanyuliwa na kidaraja chake, na vidaraja havikai mstari mmoja ulionyooka. Vinakwenda mshazari, kimoja nyuma ya kingine, kama kundi la bata bukini linaposhuka.

China kulikuwa na mandhari 8 mashuhuri za mito ya Xiao na Xiang: bata bukini wanashuka, matanga yanarudi, mvua ya usiku, theluji ya jioni, mwezi wa mpukutiko na nyinginezo. Harunobu akaziingiza zote chumbani. Matanga yakawa taulo kwenye kitundikio, mvua ikawa birika linalochemka, mwezi ukawa kioo cha kujitazamia. Bata bukini wakawa koto. Na tangu kisa cha kale cha China cha Su Wu, mtu aliyezuiliwa ugenini na barua yake ikasemwa imefungwa mguuni mwa bata bukini, ndege huyo ni mleta barua. Kwa hiyo nikiitazama picha hii nasikia hivi: hakuna uzi uliopigwa bado, kucha ndiyo kwanza zinavaliwa, lakini habari ya mtu wa mbali imekwisha kutua sakafuni. Huo ni usomaji wangu. Wewe leta wako, ila uanzie kwenye hagi na vidaraja, usianzie hewani.

Halafu jina

Kwenye kona utaona kisanduku chenye maandishi, wakati mwingine na shairi. Tovuti ya makumbusho itakupa tafsiri ya jina. Isome mwisho, baada ya kukisia mwenyewe. Zilikuwapo hata chapa za anasa, surimono, zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi vya washairi au kuwaalika watu kwenye onyesho la muziki, na shairi lake humo lina uzito sawa na picha.

Ukija kwenye maneno, jua kwamba Wajapani ni watu wa mafumbo kama sisi. *Matsu* ni msonobari, tena ni kungoja. Mwanamke anayepiga shamisen karibu na msonobari, uliza anamngoja nani. *Aki* ni mpukutiko, tena ni kuchoshwa na mtu. *Naku* ni kulia kwa ndege na mdudu, tena ni kulia kwa machozi. *Kiku* ni lile ua lenye petali nyembamba nyingi, tena ni kusikia!

Hapo nikufikishe kwenye kitambaa. Kuna nakshi ya nguo yenye vitu vitatu: shoka, koto na ua la kiku. Shoka huitwa *yoki*, na *yoki* tena ni "zuri". *Koto* ni ala, tena ni "jambo". Ukivisoma kwa pamoja unapata "sikia jambo zuri". Nakshi hiyo ilipata umaarufu kwa waigizaji wa kabuki wa jina la Onoe Kikugoro, na utaikuta kwenye mavazi ya watu waliochorwa. Nilipolijua hilo nilifunga meza yangu mapema. Nimekaa miaka yote hii nikiuza nguo zinazosema, kumbe upande wa pili wa bahari wapo waliozivaa bila hata herufi moja kuandikwa.

Ukishaweza, nenda kwa Yasumasa

Mwaka 1883 Tsukioka Yoshitoshi alitoa picha ya karatasi 3 zinazopangwa ubavu kwa ubavu: Fujiwara no Yasumasa anapiga filimbi kwa mbalamwezi. Ichapishe kubwa, uiweke chini juu ya mkeka, watu wakae kuizunguka. Usiseme kisa chake kwanza.

Uliza: kuna upepo? Wataona joho limejaa, nyasi zimelala. Msimu gani? Susuki, kwa hiyo majani yanapukutika na baridi iko mlangoni. Usiku? Mwezi mkubwa, mawingu yanaupitia. Mpigaji anatazama nyuma? Hapana. Ndipo mtoto mmoja ataona mtu aliyejikunyata kwenye nyasi, mkono kwenye upanga.

Yule ni jambazi Hakamadare. Baridi inakuja, hana nguo, anamfuata bwana yule ili amuue achukue joho. Anakaribia, anashindwa. Anakaribia tena, anashindwa. Filimbi haikatiki. Kisa cha kale kinasema Yasumasa alimchukua hadi nyumbani akampa nguo.

Sasa watu warudi kwenye nyasi. Kila jani limeinamia upande mmoja na upepo. Katika karatasi zote 3, upepo na filimbi vinakwenda pamoja, na Hakamadare amebaki katikati ya hivyo viwili bila pa kushika. Pale barazani kulinyamaza mpaka tukasikia minazi ya jirani.

Zoezi la mwisho ninalowapa ni kuipa picha jina la kanga, maneno machache yasiyozidi pumzi moja. Mjukuu wangu wa darasa la 6 aliandika: "Umekuja na upanga, ondoka na wimbo." Nimelinakili kwa penseli nyuma ya karatasi.

Jumamosi ijayo tunafungua nyingine ya Yoshitoshi, ya mwaka 1891, kutoka kwenye mfululizo wake wa picha 100 za mwezi: "Nyuzi nne za mwezi", yenye Semimaru, kipofu mpiga biwa aliyeishi kibandani kwenye kizuizi cha njia cha Osaka (si jiji la Osaka la leo). Husimuliwa kwamba bwana mmoja wa mji mkuu alikwenda usiku kwa usiku miaka 3, akisimama nje ya kibanda, akitaraji kusikia nyimbo mbili ambazo Semimaru peke yake alizijua. Moja inaitwa "Chemchemi itiririkayo", nyingine "Gogota". Alizipata usiku wa siku ya 15 ya mwezi wa 8. Ipakue kabla ya Jumamosi, faili kubwa, na kabla ya kumtazama Semimaru usoni hesabu nyuzi zake.